Mitokondria za Kupewa: Jinsi Seli Shina Inavyomwinua Jirani Aliyeishiwa Nguvu

Mwaka 2006 Jeffrey Spees, Darwin Prockop na wenzao wa Chuo Kikuu cha Tulane, mjini New Orleans, walichapisha jaribio ambalo mimi naliweka juu kabisa katika somo zima la seli shina. Walichukua seli za binadamu ambazo mitokondria zake zilikuwa zimeharibiwa makusudi, wakaziotesha kwenye sahani moja na seli shina za uboho wa mifupa, kisha wakaondoa katika chakula chao kitu ambacho seli iliyoharibika namna hiyo haiwezi kuishi bila kukipata. Kwa hesabu ya kawaida seli zile mbovu zilipaswa kufa zote. Baadhi hazikufa. Zilianza kutumia oksijeni tena, zikagawanyika, zikaongezeka. Zilipochunguzwa zilikutwa na mitokondria zisizo zake, na aliyezitoa ni jirani yake wa sahani ileile.

Uzito wa jambo hilo hauonekani mpaka ukumbuke watu walikuwa wakiamini nini kabla yake. Mwanzoni mwa karne hii, ukimuuliza mtafiti seli shina inatibu vipi, jibu lilikuwa fupi: inageuka. Palipokufa msuli wa moyo, seli shina inafika, inashika nafasi, inakuwa msuli wa moyo. Mwaka 2001 jarida la Nature lilichapisha kazi ya Donald Orlic, Piero Anversa na wenzao iliyosema kwamba seli za uboho zilizodungwa kwenye moyo wa panya aliyepata shambulio la moyo zilijenga msuli mpya. Haukupita muda, madaktari wa Ujerumani na kwingineko wakaanza kuwadunga wagonjwa uboho wao wenyewe. Mwaka 2004 timu mbili, moja ya Charles Murry wa Seattle na nyingine ya Chuo Kikuu cha Stanford, ziliirudia kazi hiyo kwa kutumia alama za jeni ambazo ni vigumu kudanganyika nazo. Jibu lao, katika jarida lilelile, lilikuwa kwamba seli za uboho zilibaki na tabia ya seli za damu na msuli haukuota. Mwaka 2018 Chuo cha Tiba cha Harvard na hospitali ya Brigham and Women's zilipendekeza makala 31 zilizotoka katika maabara ya Anversa ziondolewe majaridani.

Wengi walidhani hadithi ya seli shina na tiba ya moyo imeishia hapo. Lakini kulikuwa na fumbo lililokataa kuondoka. Katika majaribio mengi ya wanyama, seli zilizodungwa zilitoweka ndani ya siku chache, zikabaki kiduchu sana, na bado mnyama aliyedungwa alipata nafuu kuliko mwenzake ambaye hakudungwa. Kama seli hazikugeuka, na wala hazikukaa, nafuu ilitoka wapi?

Jibu la kwanza lilipatikana kwa kuitoa seli yenyewe kwenye jaribio. Mwaka 2005 kikundi cha Victor Dzau, katika kazi iliyoongozwa na Massimiliano Gnecchi, kilichukua seli shina za uboho zilizoongezewa jeni ya Akt inayozisaidia kustahimili dhiki, kikazinyima oksijeni, kisha kikakusanya maji yaliyokuwa yakiziotesha. Seli zikawekwa kando. Maji yale peke yake yakapewa panya wenye shambulio la moyo, na sehemu ya msuli iliyokufa ikapungua. Maana yake ni kwamba seli shina ilikuwa imeachia kitu majini, na kitu hicho kilitosha kufanya kazi hata mwenyewe asipokuwepo.

Kitu gani? Huko Singapore, Sai Kiang Lim na wenzake waliyachuja maji ya aina hiyo kwa ukubwa wa vilivyomo. Molekuli ndogondogo, ambazo kila mtu alizitegemea, hazikuwa na nguvu ya tiba. Nguvu ilikuwa kwenye vitu vikubwa, vya uzito unaozidi kilodaltoni 1,000, na mwaka 2010 wakaonyesha kwamba vitu hivyo ni eksosomu: vifuko vyenye upana wa nanomita 50 hadi 100 hivi, vilivyofungwa kwa utando kama wa seli, ndani yake mna protini na vipande vifupi vya RNA vinavyoweza kuzima au kulegeza jeni za seli inayovipokea. Seli iliyojeruhiwa ikikimeza kifuko hicho, inapokea maagizo na vitendea kazi kwa pamoja.

Mwaka 2009 maabara ya Prockop ilionyesha njia nyingine, na hii inaeleza vizuri kwa nini wengi walipotea kwa muda mrefu. Ukimdunga panya seli shina za binadamu kwenye mshipa, nyingi hunasa kwenye mishipa midogo ya mapafu. Haziufikii moyo kabisa. Na bado moyo ulipata nafuu. Walipofuatilia, waligundua kwamba seli zile zilizonasa mapafuni, kwa kule kunasa tu, ziliamka na kuanza kumwaga protini inayoitwa TSG-6, ambayo husafiri kwa damu na kutuliza mashambulizi ya kinga ya mwili kwenye kidonda cha moyo. Walipoizuia seli isitengeneze TSG-6, nafuu ilipungua sana. Mtu aliyekuwa akitafuta seli shina moyoni alikuwa akitafuta mahali pasipo na kitu.

Hayo yote ni mazungumzo ya mbali: ujumbe unatumwa, unasafiri, unapokelewa. Jaribio la Tulane ni la aina nyingine. Pale kinachohama ni chombo kizima cha seli, chenye DNA yake. Tuliangalie kwa karibu, maana uzuri wake uko katika namna lilivyopangwa.

Seli zilizochaguliwa kuwa wapokeaji zinaitwa A549. Zilitokana na saratani ya mapafu, na zimekuwa zikioteshwa maabara tangu 1972. Watafiti waliziwekea ethidiamu bromaidi, dawa inayojipenyeza katikati ya nyuzi za DNA. Kwa kipimo kidogo, inayoumia zaidi ni DNA ya mitokondria, ile fupi ya duara yenye herufi 16,569 na jeni 37. Jeni 13 kati ya hizo hutoa protini za mnyororo wa upumuaji, ambao ndio unaoitumia oksijeni kuzalisha ATP, nguvu ya seli. Kadiri seli zilivyogawanyika, DNA hiyo iliharibika na kupungua, mpaka zikabaki na mitokondria zisizofanya kazi.

Seli ya namna hiyo haifi papo hapo. Inaweza kuvunja glukosi bila oksijeni na kujikimu kwa ATP kidogo, huku ikirundika lakteti. Lakini ina kilema kimoja cha kudumu: haiwezi kujitengenezea yuridini, malighafi ya RNA, kwa sababu kimeng'enya kimoja katika njia ya kuitengeneza kinautegemea mnyororo wa upumuaji. Kwa hiyo mtunzaji wake analazimika kuilisha yuridini, pamoja na piruveti, siku zote. Akiziondoa, seli inakoma.

Huo ndio mtego waliouweka. Chakula kisicho na yuridini kinaua kila seli ya A549 ambayo haijapata mnyororo unaofanya kazi. Mtafiti halazimiki kukodoa macho kwenye hadubini akibishana na mwenzake kama rangi iliyopakwa mitokondria imevuka au haikuvuka. Seli inayoishi imeokolewa. Isiyookolewa imekufa na kuoshwa. Na zilizoishi zilipopimwa zilikuwa zinatumia oksijeni, zinazalisha ATP, na lakteti yake imeshuka.

Lakini msomaji makini atauliza: huenda seli mbili ziliungana zikawa moja? Muungano wa seli hutokea, na uliwahi kuwapoteza watafiti wengine waliodhani wameona seli ikigeuka. Hapa ndipo vipimo vya DNA vilipofanya kazi yake. Seli zilizookoka zilikuwa na DNA ya kiini ya A549 tupu, na DNA ya mitokondria ya yule mtoaji. Zingekuwa zimeungana, kiini kingekuwa na alama za wote wawili. Swali la pili: huenda mitokondria ziliokotwa tu, baada ya seli shina kufa na kupasuka? Watafiti walizimwagia seli za A549 mitokondria zilizokwisha tolewa ndani ya seli, na DNA yake tupu pia. Haikuokoka hata moja. Palihitajika mtoaji aliye hai, aliye jirani, anayetoa.

Nyumba zetu nyingi zinazopikia kuni zinalijua jambo hili: moto ukizimika, mtoto anatumwa kwa jirani kuomba kaa. Jirani hahami kwake kuja kukupikia, wala hakutumii salamu kwamba moto ni kitu kizuri. Anatoa kaa linalowaka, nawe unalipuliza kwenye mafiga yako mwenyewe. Wale waliotarajia seli shina igeuke kuwa msuli walikuwa wanamngoja jirani ahame.

Kuna jambo moja katika ripoti ile ya 2006 ambalo waandishi wengi huliruka. Seli za kawaida za ngozi, fibroblasti, nazo ziliweza kutoa mitokondria. Kwa hiyo ukarimu huu si wa seli shina peke yake. Anayezitangaza seli shina kuwa na nguvu ambayo hakuna seli nyingine iliyo nayo anapita mpaka wa ushahidi.

Kaa hilo linapita njia ipi? Miaka miwili kabla ya Tulane, Amin Rustom, Hans-Hermann Gerdes na wenzao wa Heidelberg, Ujerumani, walikuwa wameeleza mirija myembamba inayoning'inia kati ya seli na seli, upana wake nanomita 50 hadi 200. Hata ule mnene kati ya hiyo ni sehemu moja ya elfu tano ya milimita. Ndani yake mna nyuzi za aktini, haigusi sakafu ya sahani, na inakatika kwa urahisi. Kazi nyingi zilizofuata zimeionyesha mirija ya ukoo huo, hasa ile minene zaidi yenye nyuzi za mikrotubuli, ikipitisha mitokondria. Mitokondria haielei tu humo. Huvutwa na protini inayotembea juu ya mikrotubuli, kinesini, na kinachoifungia mitokondria kwenye kinesini ni protini nyingine, Miro1. Mwaka 2014 Tanveer Ahmad, Anurag Agrawal na wenzao wa Delhi, India, waliongeza Miro1 ndani ya seli shina, na mitokondria nyingi zaidi zikavuka. Panya wenye njia za hewa zilizojeruhiwa wakapata nafuu zaidi. Walipoipunguza Miro1, uhamisho ukashuka na tiba ikashuka nayo. Ukiweza kupandisha na kushusha matokeo kwa kugusa sehemu moja tu ya mtambo, umekaribia sana kusema kwamba sehemu hiyo ndiyo sababu.

Bado sahani ni sahani. Ndani ya mwili ulio hai kazi nzito zaidi naiona ni ile ya mwaka 2012, ya Mohammad Naimul Islam, Jahar Bhattacharya na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Waliwawekea panya mapafuni sumu inayotoka kwenye ganda la bakteria. Sumu hiyo huwasha mapafu: chembe nyeupe za damu hujaa kwenye vifuko vya hewa, protini za damu huvujia ndani, na seli za ukuta wa vifuko huacha kutoa utelezi unaozuia vifuko visigandamane kila panya anapotoa pumzi. Wanyama wengi hufa. Kisha wakawapa baadhi yao seli shina za uboho kwa njia ya hewa, na wakatazama kwa hadubini mapafu yaliyo hai.

Waliona seli shina zikijishikiza kwenye ukuta wa kifuko cha hewa. Mahali pa kushikana palikuwa na protini ya koneksini 43, ambayo hujenga tundu kati ya seli mbili. Baada ya kushikana, seli shina ilitoa vifuko vidogo vyenye mitokondria ndani, na seli za ukuta zikavimeza. ATP ikapanda kwenye vifuko vya hewa. Utelezi ukaanza kutoka tena. Vifo vikapungua.

Lile tundu la koneksini linanivutia sana. Upana wake ni nanomita moja na nusu tu, linapitisha ayoni na molekuli ndogo. Mitokondria ina upana wa mamia ya nanomita. Haiwezi kupita hapo hata kwa bahati. Kumbe kazi ya tundu si kuwa mlango wa mzigo. Linazishikamanisha seli, na kupitia kwake zinapeana ishara ndogondogo kabla ya mzigo kutoka kwa njia nyingine. Kwanza wanaongea, ndipo wanapeana. Na ushahidi haukuishia kwenye picha: seli shina zenye koneksini iliyoharibiwa hazikusaidia, na seli shina zenye koneksini nzima lakini mitokondria mbovu hazikusaidia vilevile. Zote mbili zilifika mapafuni. Zote mbili zilikuwa hai. Kilichokosekana kwa moja ni mawasiliano, na kwa nyingine ni kitu cha kutoa.

Naupa uzito ushahidi wa namna hii kwa sababu kazi nyingi katika uwanja huu zimeegemea rangi peke yake. Mtafiti anazipaka mitokondria za mtoaji rangi inayong'aa, anachanganya seli, kesho yake anaikuta rangi kwa mpokeaji, anaandika kwamba mitokondria zimehama. Rangi nyingi za aina hiyo huvuja. Inaweza kuhama rangi bila kuhama mitokondria. DNA ya mitokondria haina udanganyifu huo, na ndiyo maana Columbia walitafuta na kuzipata mitokondria za binadamu kwenye mapafu ya panya waliopewa seli za binadamu. Ukisoma taarifa yoyote mpya juu ya jambo hili, tafuta kwanza kama walipima DNA au waliangalia rangi tu.

Sasa, seli shina inajuaje kwamba jirani ana shida? Kikundi cha Anne-Marie Rodriguez, Ufaransa, kilileta jibu zuri mwaka 2017. Seli za moyo au za mishipa ya damu zinapoumizwa, nazo huachia mitokondria, lakini hizi ni zile zilizoharibika. Seli shina inazimeza na kuzivunjavunja. Katika kuzivunja, kimeng'enya kinachoitwa heme oksijenesi-1 kinapanda ndani yake, na seli shina inaanza kutengeneza mitokondria mpya kwa wingi. Hizo mpya ndizo zinazotolewa kumrudishia mgonjwa. Watafiti walipozuia uvunjaji wa zile mbovu, au wakakizima kimeng'enya hicho, msaada haukutoka. Takataka za seli inayougua ndizo zilizokuwa mwito wake wa kuomba msaada. Katika yote niliyoyasoma kuhusu seli shina, sijakutana na mpangilio wenye busara ya mwili kuliko huu.

Njia hiyohiyo ina hatari yake. Mwaka 2015 kikundi cha Mike Berridge wa Wellington, New Zealand, na Jiri Neuzil, kilidunga panya seli za saratani ya ngozi zilizoondolewa DNA ya mitokondria. Uvimbe ulichelewa, kisha ukaota. Seli zilizoota zilikuwa zimechukua DNA ya mitokondria kutoka kwa panya mwenyewe. Mwili ulimwinua adui kwa mkono uleule unaomwinulia ndugu. Mtu anayefikiria kuwadunga wagonjwa seli shina zilizoongezewa Miro1 ili zitoe zaidi, lazima kwanza aonyeshe kwamba hakuna uvimbe mdogo uliojificha unaongojea msaada huo.

Huku kwetu jina la seli shina limeingia sokoni kwa mlango mwingine. Unga na vidonge vinavyodaiwa kuwa vya seli shina za tufaha au zabibu vinatangazwa kwenye makundi ya WhatsApp kwa watu wenye kisukari, figo, viungo vinavyouma. Kila hatua ya utoaji wa mitokondria niliyoieleza hapo juu, kushikana kwa koneksini, kumeza mitokondria mbovu, kutoa nzima, inahitaji seli iliyo hai ya mnyama au binadamu iliyo karibu na jeraha. Unga wa mmea uliokaushwa hauna hata moja ya hayo, na ukifika tumboni unameng'enywa kama chakula kingine. Fedha ya dawa za kweli inapoishia huko, mgonjwa anaumia mara mbili.

Na tiba halali nayo bado iko njiani. Desemba 2024 Marekani iliidhinisha kwa mara ya kwanza seli shina za aina hii, kwa jina Ryoncil, kwa watoto waliopandikizwa uboho na kisha kinga ya mtoaji ikaanza kuishambulia miili yao na dawa za steroidi zikashindwa. Kazi yake pale ni kutuliza kinga. Kwa mapafu, jaribio lililokuwa likitazamwa kwa matumaini ni START, lililofanywa Marekani na matokeo yake kuchapishwa jaridani 2019. Wagonjwa 60 wenye mapafu yaliyoshindwa kazi walihusishwa. 40 kati yao walidungwa seli shina za uboho milioni 10 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Hazikuwadhuru, lakini vifo havikupungua.

Watu walisoma hitimisho hilo wakafunga ukurasa. Mimi naona ndani ya ripoti kuna mambo mawili ya kushika. Seli zilizokuwa hai baada ya kuyeyushwa kutoka kwenye barafu zilikuwa kati ya asilimia 36 na 85. Mgonjwa aliyepata seli za kiwango cha chini hakupata hata nusu ya dozi iliyoandikwa kwenye faili lake, kama tunachokitaka ni seli inayotoa mitokondria, kwa kuwa iliyokufa haiwezi kumpa mtu kitu hicho. La pili ni njia. Panya wa Columbia walipewa seli kwa njia ya hewa, zikatua upande uleule ulio na ukuta uliojeruhiwa. Wagonjwa wa START walidungwa mshipani, ambako seli hunasa upande wa damu. Huko zinaweza kumwaga TSG-6, lakini kushikana kwa koneksini na ukuta wa kifuko cha hewa ni jambo jingine kabisa. Jaribio linalofuata lihesabu dozi kwa seli zilizo hai zinapoingia mwilini, na lipime DNA ya mitokondria ya mtoaji kwenye maji yanayovutwa kutoka mapafu ya mgonjwa, siku ya kwanza, ya tatu na ya saba.